Si karuho, ni minyoo

Bwana mhariri, huku Kadutu, mjini Bukavu, mtu akiumwa chini ya mbavu upande wa kuume basi tunasema wamemwekea karuho, ile sumu ya kienyeji. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikunywa miti shamba wiki tatu nzima, macho yakawa manjano, ndo tukaenda ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo, muganga akatuonyesha kitu kirefu kama kamba mu mrija wa nyongo na kijiwe pembeni. Askarisi hiyo, mnyoo wa tumbo! Inapanda toka utumbo, ikifia humo, nyongo inagandia juu ya mayai na vipande vyake mpaka inakuwa jiwe la kahawia. Sawa, si kila jiwe ni la minyoo. Lakini albendazoli, dawa ya minyoo, tunawapa watoto tu, na mboga ya lengalenga tunaoshea maji machafu ya kijito sababu bomba limekauka, Regideso, ninyi kampuni ya maji, munasemaje?