Baba, hii ndo stori ya sinagogi la Elkins Park

Baba shikamoo, na mama mpe shikamoo yangu. Huku wazima, baridi imeanza kung'ata ila hita inafanya kazi. Uliniuliza kwenye simu yule bibi ninaemtunza anasali wapi na hao Wayahudi wanajengaje nyumba zao za ibada, nikasema ntakuandikia maana ni stori ndefu, na wewe ukiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi pale usharikani najua utaisoma mpaka mwisho.

Sinagogi lenyewe linaitwa Beth Sholom, liko Elkins Park, barabara ya Old York Road, nje kidogo ya jiji la Philadelphia huku Marekani. Ila halikuanzia hapa. Lilianza 1919 mjini, mtaa wa Logan upande wa kaskazini, enzi hizo Wayahudi wengi ambao wazazi wao walikuja na meli kutoka Ulaya mashariki walikua wameanza kupata pata, wanatoka kwenye vichochoro vya katikati ya jiji wananunua nyumba za kuungana ukuta, na 1928 treni ya chini ya ardhi ikafika huko, basi ndo ikawa rahisi zaidi mtu kukaa Logan na kufanya kazi mjini.

Vita ya pili ikaisha, wanajeshi wakarudi, serikali ikawadhamini mikopo ya nyumba, magari yakawa mengi, kila mtu sasa anataka kiwanja na majani mbele ya mlango. Ndo wakaanza kuhama kama watu wa Kariakoo walivyokimbilia Mbezi. Lakini baba nisikufiche, kuna na upande mwingine. Familia za watu weusi zilikua zinaingia mitaa ile ya kaskazini na wazungu wengi, Wayahudi wakiwemo, wakawa wanauza wanaondoka, na mweusi akitaka nae kununua huku nje ya jiji anafungiwa milango, benki nazo zinamnyima mkopo. Na waliokuja kubaki Logan yakawakuta makubwa, 1986 ikaja kujulikana sehemu ya mtaa ilijengwa juu ya bonde la mto lililojazwa majivu, nyumba zinatitia, karibu nyumba 1,000 ikabidi watu wazihame zikabomolewa. Mimi nikipita pale naona pori tu katikati ya jiji na roho inaniuma.

Sasa ukihama shida inakuja ya Sabato. Myahudi wa dini kali Jumamosi haendeshi gari, anatembea kwa miguu, kwahiyo lazima akae karibu na sinagogi. Huku nyumba ziko mbalimbali, utatembeaje? Hawa wa Beth Sholom ni wa madhehebu ya katikati wanaitwa Conservative, na 1950 kamati yao ya sheria ikaruhusu mtu aendeshe gari siku ya Sabato ila kwa safari moja tu, kwenda kusali na kurudi. Bila hiyo ruhusa sijui haya masinagogi ya huku nje yangejaa vipi, maana sio Beth Sholom peke yake, barabara hiyohiyo kuna na Keneseth Israel lililoanzishwa mjini 1847 nalo likahamia huku miaka hiyo ya 50.

Hapa ndo namleta rabi wao, Mortimer Cohen. Watalii wanakuja kwa ajili ya msanifu aliyechora jengo, Frank Lloyd Wright, yule maarufu wa Marekani nzima, mimi namheshimu zaidi rabi. 1953 waumini wanaendelea kuhama, kiwanja kipo, rabi akakaa akamwandikia Wright barua na akamwambia anachotaka, sinagogi la Kimarekani, lisiwe la kuiga ya Ulaya. Wright alikua na miaka 86, angeweza kabisa kuitupa. Akakubali! Na baadae kwenye kazi ile akamtambua rabi kama mwenzake katika kuibuni, na baba wewe unajua mafundi wakubwa walivyo, kukiri kwamba mchungaji nae ana akili ya ramani sio kitu kidogo.

Walichotoa ni mlima wa vioo, wanasema ni mlima Sinai, nguzo 3 kubwa za chuma zimekutana juu na hakuna nguzo hata moja katikati inayokuzuia kuona mbele. Kuta zina tabaka mbili, nje kioo ndani plastiki, mchana hamhitaji taa nyingi na usiku zikiwashwa jengo lote linang'aa mpaka barabarani. Sakafu imeinamia katikati, Wright alitaka ukikaa ujione uko kwenye viganja vya Mungu, na kwa kweli mimi Mlutheri wa Moshi nilikaa nyuma na bibi nikajisikia hivyohivyo.

Pesa sasa, najua unangoja hapa. Ilipanda ikapanda mpaka ikapita dola milioni 1, miaka ile! Ujenzi ulianza 1954 ukaisha 1959, Wright akafariki mwezi wa nne mwaka huohuo, jengo likawekwa wakfu mwezi wa tisa, hakuliona likijaa watu. Na paa linavuja, tangu zamani linajulikana kwa kuvuja, kwahiyo mwambie mzee wa bati hapo usharikani asijisikie vibaya. Sahani ya sadaka Jumamosi hakuna kabisa kwasababu siku hiyo pesa haishikwi, wanalipa ada ya uanachama kwa mwaka, na hilo naomba mlijadili kwenye kamati maana zile ahadi za mdomo mnazoandika kwenye daftari mnajua wenyewe zinavyoishia.

2007 serikali ililipatia jengo hadhi ya alama ya taifa ya kihistoria, watu wanalipia kuingia kutembezwa. Picha sijapiga bado, Jumamosi ukitoa simu mle ndani bibi anakuangalia mpaka unairudisha. Ntaenda katikati ya wiki nikutumie, za ndani na za paa pia.