Saruji inaharibu makanisa ya vijijini Ufaransa

Mhariri,

Tangu sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola, makanisa ya kale katika vijiji vingi vya wakulima Ufaransa ni mali ya komuni, yaani serikali ya mtaa, na meya akiona ufa hukimbilia saruji. Kosa! Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutafuta njia kupitia jiwe laini, na barafu ikiugandisha, uso wa jiwe hubanduka kama ganda la kitunguu.

Badala yake, kwangua viungo kati ya mawe kina cha sentimita 2 au 3, lowesha ukuta, kisha shindilia chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, acha kazi. Mabirika ya kale ya kufulia nguo, ambayo watalii huyapita tu, yanahitaji chokaa inayoganda ndani ya maji.

Msomaji, fundi mawe