Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023: Wachezaji Tunao, Tutafute Makocha

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, salaam.

Kwa mujibu wa katiba yetu nawaletea taarifa ya mwaka. Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Michango ya misiba na ya wagonjwa imekwenda bila kukatika, na nawashukuru wote mnaotoa hata pale mifuko inapobana. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kama ilivyo kazi yake. Muda wangu nauelekeza kwenye idara ya michezo, kwa sababu kamati inaleta hoja: chama kiwagharamie wazazi na vijana walio tayari kusomea ukocha wa kandanda ya Kiaustralia.

Tarehe 16 Septemba mwaka huu alifariki Ron Barassi, mchezaji na kocha mashuhuri wa kandanda ya Kiaustralia, akiwa na umri wa miaka 87. Jiji lote la Melbourne lilimlilia, na mwezi Novemba serikali ya jimbo letu la Victoria ikamfanyia hafla ya kumbukumbu katika uwanja wa MCG. Watoto wetu walirudi nyumbani wakiuliza huyu mzee alikuwa nani. Nimemsoma sana tangu siku hizo, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyoona kwamba habari zake zinatuhusu sisi tuliokuja kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania.

Barassi alikuwa yatima. Baba yake, ambaye pia aliitwa Ron, aliichezea klabu ya Melbourne na kutwaa nayo ubingwa mwaka 1940. Mwaka uliofuata akauawa vitani Tobruk, nchini Libya, mtoto akiwa na miaka mitano. Baadaye mama aliolewa tena akahamia Tasmania, na kijana akabaki mjini, nyumbani kwa Norm Smith. Smith alikuwa amecheza timu moja na marehemu, na sasa ndiye alikuwa kocha wa klabu. Enzi hizo wachezaji waligawanywa kwa mitaa wanayokaa, hivyo kijana angeweza kuangukia klabu nyingine. Klabu ya Melbourne ikapigania kanuni ya kumruhusu mtoto kuichezea klabu ya baba yake. Kanuni hiyo ingalipo kwenye ligi mpaka leo, na wako wachezaji wengi walioingia kupitia mlango huo uliofunguliwa kwa ajili ya yatima mmoja. Akakabidhiwa jezi namba 31, aliyoivaa baba yake.

Naomba tutulie hapa kidogo. Kwetu mtoto wa mwenzako aliyefariki ni mtoto wako, na hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini Smith hakuishia kwenye chakula na kitanda. Alimtazama kijana kwa jicho la kocha. Akaona ana nguvu, mbio na moyo mkali, ila kimo chake hakitoshi kugombea mipira ya juu na wale majitu wa katikati. Badala ya kumweka kando, alimtengenezea kazi: azunguke uwanja mzima pamoja na mrukaji, yaani yule mrefu anayegombea mipira ya juu, auwahi mpira unaodondoka, avunje ukuta wa wapinzani. Timu nyingine zikaiga. Ni watoto wangapi wetu walioambiwa hawafai kwa sababu tu hakuna mtu mzima aliyewatazama kwa muda wa kutosha?

Kama mchezaji aliivaa jezi ya Melbourne mara 204 kuanzia 1953 hadi 1964, akachukua ubingwa mara 6: 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964, miwili ya mwisho akiwa nahodha. Kisha, kwa mshangao wa mashabiki wake, akahamia Carlton kuwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Wapo waliolia, wapo waliokasirika. Klabu ya Melbourne haikupata ubingwa mwingine mpaka mwaka 2021.

Carlton ilikuwa na kiu ya ubingwa tangu 1947. Barassi aliimaliza mwaka 1968, kwa fainali ambayo wazazi wapya wanaosumbuliwa na hesabu za mchezo huu wangefaa kuijua. Goli halisi lina pointi 6, na mpira unaopita kando, kati ya nguzo ndefu na fupi, una pointi 1. Essendon walifunga magoli 8 na za kando 5, jumla 53. Carlton walifunga magoli 7 tu, lakini za kando 14, jumla 56. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea timu ikashinda fainali kwa magoli machache kuliko mpinzani wake.

Fainali ya 1970 ndiyo iliyonifanya niandike taarifa hii kwa namna hii. Watu 121,696 walijaa MCG, idadi ambayo haijafikiwa tena. Ilipofika mapumziko Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44. Kwa macho ya kawaida mchezo ulikuwa umekwisha. Barassi aliwaambia wachezaji wake waache kupiga mpira mrefu kwa mguu na kuomba Mungu. Wapasiane kwa mkono, yaani mpira ukiwa juu ya kiganja kimoja upigwe kwa ngumi ya mkono wa pili, upokelewe na mwenzako aliye mbioni, naye ampe mwingine, na wasiogope kuendelea hivyo. Kabla ya hapo wengi waliuona mkono kama njia ya kujiokoa ukibanwa. Akamwingiza pia Ted Hopkins, kijana mwembamba aliyekuwa benchi, naye akafunga magoli manne. Carlton walishinda 111 kwa 101. Leo hata watoto wetu wa Auskick, mafunzo ya mchezo huu kwa watoto wadogo, wanafundishwa kupasiana hivyo, tena kama jambo la kawaida kabisa.

Baada ya Carlton alikwenda klabu ya North Melbourne, akaikuta timu iliyomaliza mkiani mwaka 1972 na ambayo haikuwa imewahi kuwa bingwa wa ligi kuu. Aliifikisha fainali tano mfululizo, 1974 hadi 1978. Walishinda ya 1975, na ya 1977 iliyorudiwa wiki moja baadaye kwa sababu mechi ya kwanza na Collingwood iliisha kwa sare. Nakiri kwamba sauti yake ilikuwa kali mno. Alijulikana kwa kufoka, na kwa maoni yangu namna ile haiwafai watoto, hasa wale waliopita kambi za wakimbizi na wanaoshtushwa na kelele. Tuchukue uvumilivu na macho yake, ukali tumwachie.

Mwaka 1981 alirudi klabu ya Melbourne, na kwa vikombe alishindwa. Mwaka wa kwanza walishinda mechi moja tu, na mpaka anaondoka mwaka 1985 hawakuwa wamefika hata hatua ya mtoano. Lakini wakati huo ndipo klabu ilipoanza kutafuta vijana Ireland, watu ambao hawakuwahi kuugusa mpira huu wa umbo la yai. Mmoja wao, Jim Stynes, alifika mwaka 1984. Mwaka 1991 alitwaa medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi, na akaweka rekodi ya mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Baadaye alianzisha taasisi ya kusaidia vijana, akawa rais wa klabu mpaka karibu na kifo chake mwaka 2012. Mgeni, mchezo mgeni, nchi ngeni. Alifunzwa.

Klabu ya Sydney nayo ilimwita mwaka 1993, ikiwa katikati ya mkosi wa mechi 26 za kupoteza mfululizo. Aliukata, na mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka timu ikacheza fainali.

Kwa upande wetu, vijana wanamfahamu Aliir Aliir wa klabu ya Port Adelaide, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na wazazi kutoka Sudan Kusini, na mwaka 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Wako kati yetu wazazi ambao watoto wao walizaliwa kambi hiyo hiyo. Vipaji, basi, havina shaka. Kinachokosekana ni mtu mzima anayesimama pembeni ya uwanja, anayejua lugha ya nyumbani kwa mtoto, anayejua kwa nini leo amechelewa au amenyamaza, na anayeujua mchezo vya kutosha kumtafutia nafasi yake. Mwaka huu mzazi mmoja wetu aliambiwa na klabu fulani kwamba mwanawe hana nidhamu, kumbe mtoto alikuwa hajaelewa maelekezo. Kocha wa kwetu angelijua hilo siku ya kwanza.

Hoja ya kamati, kwa hiyo, ni hii. Chama kitenge fungu la kulipia masomo ya cheti cha ukocha kwa wanachama watakaojitokeza, wanaume na wanawake. Kila mmoja awe na kibali cha kufanya kazi na watoto, ambacho kwa wanaojitolea hapa Victoria hakina malipo. Katibu atawasaidia kujaza fomu kwa Kiswahili. Wanaojiandikisha wajitolee msimu mmoja mzima kwenye klabu ya mtaani kwao, wakianzia kama wasaidizi. Fungu litolewe kwenye akiba ya michezo. Michango ya misiba isiguswe.

Mtasomewa hesabu kwanza, kisha hoja itajadiliwa na kupigiwa kura. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani kwa katibu, na jina langu nimeliandika.

Mwenyekiti