Watoto wetu na hofu ya kipindupindu

Bwana Yesu asifiwe wazazi na walimu wa shule ya Jumapili.

Tangu kipindupindu kiingie mtaani kwetu, watoto wanasikia mengi kuliko tunavyodhani. Juzi mmoja aliuliza kama Mungu amemkasirikia bibi yake, ndiyo maana kalazwa. Naomba swali hili tulijibu kwa sauti moja: hapana. Paulo alimwacha mwenzake wa safari, Trofimo, kule Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakuna panaposema kwamba aliadhibiwa. Kipindupindu huletwa na vimelea kwenye maji na chakula. Tuwaambie hivyo hivyo, kwa upole.

Jioni tusali nao kwa maneno yao wenyewe. Mtoto akisema "Mungu, naogopa, bibi asife", tusimkatize wala kumsahihisha. Hiyo ni sala kamili. Zaburi 56:3 ni fupi, hata wa chekechea wanaishika: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Ila tafadhali sana, tusiwaahidi kwamba wakiomba kwa bidii mgonjwa lazima apone. Asipopona, mtoto atadhani maombi yake ndiyo yalipungua, na atabaki na mzigo huo peke yake.

Maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu akianza kuharisha apewe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi, wa kurudisha maji mwilini) huku akikimbizwa kituo cha afya.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni tutawaombea wagonjwa kwa majina, kila familia nyumbani kwake, watoto wakiongoza. Majina nitumieni inboksi.