Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: hata koma hamkuandika

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi nzito ya kusaka pesa za taifa. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa tangu Ijumaa heshima hiyo naishikilia kwa mikono miwili.

Ijumaa nilikuwa Industrial Area, Nairobi, kuchukua riwaya yangu ya pili kwa mpiga chapa. Nakala 300, kila moja shilingi 220. Nilikuwa na shilingi 66,000, nyingine za chama, nyingine mkopo wa sacco, na nilizihesabu tena ndani ya matatu kutoka Nakuru. Karani akanigeuzia kompyuta: 76,560. Bei niliyopewa kwa simu, kumbe, haikuwa na VAT, ule ushuru wa thamani wa asilimia 16. "Hiyo elfu kumi na kitu si yetu, mama. Ni ya serikali."

Shilingi 10,560, Mheshimiwa. Kwa bei ya kuchapa, hizo ni nakala 48. Nililipia nilizoweza, katoni moja nikaiacha pale kaunta.

Wasaidizi wako watakuambia kwamba VAT hurejeshwa. Hurejeshewa nani? Aliyesajiliwa. Na sheria humlazimu kujisajili mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Riwaya ya Kiswahili iuze milioni 5! Nikimwambia mume wangu hivyo atadhani nimeanza kutunga ya tatu. Basi mkubwa anadai chake KRA, yaani mamlaka ya mapato, na mimi ninayeuza nje ya kanisa baada ya misa, nikishalipa nimelipa.

Labda utaniuliza kwa nini nijichapishie. Riwaya ya kwanza ilitolewa na mchapishaji, kwa mrabaha wa asilimia 10. Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo lugha ya wizara yako. Kitabu ni shilingi 500 kabla ya ushuru. Duka linaongeza 80 za VAT. Mimi natengewa 50, nazo zinakatwa asilimia 5 kabla hazijanifikia, nabaki na 47.50. Serikali ina 82.50. Serikali, ambayo haikuandika hata koma.

Riwaya ya pili mchapishaji aliisifu sana, kisha akairudisha. "Ni nzuri, lakini haiwezi kutahiniwa." Simlaumu sana. Wachapishaji wetu wanaishi kwa shule. Kitabu kikikosa kuwa teule, yaani cha kutahiniwa shuleni, kinakaa bohari. Na maduka nayo yamechoka. Tangu mwaka 2018 serikali inanunua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, na nadhani hapo ndipo maduka ya mijini yalipovunjika mgongo, kwa sababu msimu wa Januari ndio uliokuwa ukilipa kodi ya nyumba. Duka nililokuwa nikiweka vitabu vyangu sasa linauza sare na madaftari. Riwaya mbili tatu zimeegemezwa dirishani, jua limeshapausha majalada. Najua hilo ni la Wizara ya Elimu. Nikilipeleka kule watanirudisha kwako.

Tunauza basi kwa WhatsApp. Msomaji anauliza bei, unamwambia, anajibu: "Si unitumie tu PDF?" Ukimtumia mmoja, kabla ya usiku unaletewa riwaya yako mwenyewe kwenye kundi la familia, imeandikwa "forwarded many times". Mwalimu mmoja alinunua nakala moja akawafotokopia darasa zima, kisha akanipigia simu kunipongeza. Ni wizi, ndiyo. Lakini fotokopi haitozwi zile shilingi 80 za VAT ya kitabu, na mzazi anajua hesabu kuliko sisi sote.

Kabla ya Sheria ya VAT ya mwaka 2013 hatukuwa na ushuru huu kwenye vitabu. Uingereza, iliyotuachia Bunge, sheria na chai ya maziwa, hutoza kitabu VAT ya asilimia sufuri. Katika kongamano moja la waandishi, afisa wa serikali alituambia suala letu "linatathminiwa". Tulipiga makofi, tukagawiwa fulana. Fulana yangu imeshakuwa tambara la kupangusia meza, tathmini bado inaendelea.

Mwaka 2024 mkate nao ulipangiwa asilimia 16 hiyohiyo. Wananchi wakafoka, mkate ukanusurika. Nadhani tatizo letu liko hapo. Mwandishi wa riwaya hawezi kufunga barabara. Akigoma, hakuna atakayegundua. Mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014, inafadhiliwa na kampuni ya mabati. Mabati, Mheshimiwa! Muuza mabati ameona haja ambayo Hazina haijaiona.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi: maktaba za kaunti zinunue riwaya, wezi wa PDF washtakiwe, tupate hata kibanda cha bei nafuu kwenye maonyesho ya vitabu. Yaache yote hayo. Naomba moja. Katika Mswada wa Fedha ujao, weka vitabu kwenye asilimia sufuri. Si "kupunguza", si "kutathmini". Sufuri. Mstari mmoja tu kwenye mswada ambao kila mwaka hupata nafasi ya mambo mengi.

Na kama haiwezekani, tuambieni waziwazi, ili tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, msitualike tena kuja kuwasomea mashairi bila nauli.

Wako mtiifu, na mlipa ushuru,
Mwandishi wa riwaya, Nakuru