Shukrani kwa mzee wa kwenye boti ya Mkoani

Assalaam aleykum. Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linanikera mpaka leo. Ni wewe uliyekaa nyuma yetu kwenye boti ya kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja, kikapu cha mabungo miguuni.

Mwanangu alikwama kwenye 3x + 4 = 19. Skuli kaambiwa "hamisha, badili alama", na kila akihamisha anasahau kubadili. (Hata mimi niliikariri hivyo hivyo.) Wewe ukachomoa peni, ukamchorea mizani ya karafuu: upande huu mapakacha matatu ya uzito sawa na kilo 4 pembeni, upande ule kilo 19. "Toa nne huku, na kule utoe nne, isije ikalala." Zikabaki 15 kwa mapakacha matatu. "Kila pakacha?" Tano! Ukamwambia airudishe 5 penye x, ahakikishe.

Kisha ukampa 5x − 7 = 2x + 8. Akaondoa 2x pande zote mbili bila kuuliza mtu, akaongeza 7. Bahari ilikuwa chafu siku ile. Mimi natapika, nyinyi mnacheka.

Daftari analo bado, na mizani yako imo. Mungu akulipe kheri, mzee wangu.