Radi ya huko haingoji usiku

Igombe, Mwanza
Mwisho wa Agosti

Mwangaluka, ndugu yangu,

Barua yako imefika, na nimemsomea mama yote. Joto la nyuzi 35 halikumshtua. Moshi ndio uliomfanya aweke ungo pembeni. Moto uko milimani, nyie mko mjini, sasa moshi unawafuata wa nini? Nikamweleza nilivyoweza: Missoula yenu ya huko Montana, Marekani, imekaa bondeni, usiku hewa ya baridi inateremka kutoka milimani na kutulia chini, ya vuguvugu inabaki juu yake, basi moshi unakosa pa kutokea mpaka jua lipande. Nikamwambia pia kwamba huo mji wenu wa milimani uko chini kuliko sisi. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, nyie hamfiki hata 1,000. Hilo alikataa katakata.

Lakini kilichonikalisha niandike ni hiyo safari ya kupanda mlima Lolo. Unasema mtaondoka saa nne, mle kileleni, na radi huna wasiwasi nayo kwa kuwa ni mchana kweupe. Ndugu yangu, hiyo ni akili ya Igombe.

Sisi tumekulia kwenye radi ya usiku. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja huku, na mawingu yanajengeka upande wa bara. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo za kutoka kila ufukwe zinakutana ziwani, hewa inapanda, alfajiri kunanguruma. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni giza, wanakutana nayo uso kwa uso. Juzi ilitupiga kabla hakujapambazuka. Dagaa waliobaki vichanjani kina mama waliwahi kuwafunika turubai, wa mchangani wakalowa. Mchana walishageuka njano na harufu imeanza, wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mlimani ni kinyume. Jua linapasha miteremko tangu asubuhi, hewa inapanda kuufuata mlima, saa sita mawingu yamesimama, na kuanzia saa saba au saa nane radi inakukuta juu, mahali ambapo mrefu kuliko wote ni wewe. Moshi nao unaongeza ubaya, maana hulioni wingu likijengeka. Tena mwisho wa kiangazi hewa ya huko ni kavu, mvua nyingine inakaukia angani, inayofika chini ni radi peke yake. Ule moto wa Lolo wa mwaka 2017 uliwashwa na radi.

Kwa hiyo ondokeni kabla jua halijachomoza, saa sita iwakute mnateremka. Ukishasikia ngurumo, ujue radi inaweza kukufikia hapo ulipo. Usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake, wala chini ya mwamba kama tulivyozoea kwenye mawe ya kwetu. Shukeni hadi kwenye gari, fungeni vioo, msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Bibi angeongeza kwamba ufunike kioo cha ndani na usivae nyekundu. Shati jekundu wewe vaa tu, wakuone wakikutafuta.

Na asubuhi hiyo moshi ukiwa mzito, ahirisheni. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, chembe za moshi ni ndogo mno. Tafuta N95 na uhakikishe inakubana puani, hasa wewe mwenye pumu.

Huku nako moshi upo, ila ni wa watu kuchoma mashamba wakisubiri vuli. Jua linazama jekundu na visiwa vya mbele hatuvioni. Tulikuwa na mgeni kutoka Dodoma, akatuonyesha nguzo nyeusi ziwani, akapiga kelele kwamba boti inaungua. Kumbe ni vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi! Tulicheka mpaka upepo ukageuka vikaja kwetu. Chai yake alimwaga, yetu tuliifunika na sahani.

Mama anakusalimu. Anasema utume picha ya mlima, siyo yako, zako anazo.

Nijibu ukishateremka.

Nduguyo wa Igombe